Kubadili mkopo wa nyumba ukiwa ndani ya kesi ya ufilisi au umeshatoka (Marekani): niliyopitia, na maswali yenu

Dereva wa Masafa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wenzetu mlioko Marekani, mnalipa nyumba kwa mkopo, na mmefaili ufilisi au mnafikiria kufaili. Watu huniuliza jambo hili pembeni kwa sauti ya chini, kama vile wameiba. Nimeona bora niliandike hapa wazi, kila mwenye swali alilete.

Agosti 2020 nilikuwa nimepaki lori kwenye ghala nasubiri kupakuliwa mzigo. Simu ikaita, afisa mikopo. Riba zilikuwa zinashuka kila wiki, na mimi nilikuwa nataka kuchukua mkopo mpya wa riba ndogo ulipe ule wa zamani. Akaniambia, "Ndugu, kwenye ripoti yako ya mikopo sioni mkopo wa nyumba hata mmoja. Una uhakika unalipa nyumba?"

Nilikuwa nalipa dola 936 kila tarehe mosi tangu 2014, bila kuruka mwezi hata mmoja, hata ule mwezi niliofaili. Na kwenye karatasi zao nilikuwa sina nyumba.

Nilifaili Sura ya 7, ule ufilisi wa kusamehewa madeni bila mpango wa kuyalipa, Juni 2018, baada ya upasuaji na miezi saba bila kazi. Madeni ya hospitali na kadi yakasamehewa Oktoba 2018. Nyumba tulibaki nayo, kwa sababu niko Texas na huku sheria inailinda nyumba unayoishi bila kujali thamani yake, ilimradi kiwanja cha mjini kisizidi ekari 10 na uwe umeimiliki zaidi ya siku 1,215 kabla ya kufaili. Majimbo mengine yana viwango vyao, na vingine ni vidogo sana, kwa hiyo usichukue habari zangu ukazifanya zako.

Kilichofanya mkopo wangu upotee kwenye ripoti ni hiki. Msamaha wa Sura ya 7 unafuta wajibu wako wewe binafsi wa kulipa deni. Haufuti rehani iliyo juu ya nyumba. Ukiendelea kulipa, unaendelea kuishi. Ukiacha, wanaichukua nyumba, lakini hawawezi kukufuata kudai kilichopungua. Kabla ya msamaha kuna karatasi unaweza kusaini, mkataba wa kulikiri deni upya, nao unarudisha wajibu wako wote kana kwamba hukufaili. Wakili wangu alinikataza kuusaini, na mpaka leo namshukuru, maana mwaka 2018 sikuwa na uhakika wa afya wala wa kazi. Ila gharama yake ni kwamba ukishasamehewa bila kusaini, wakopeshaji wengi huacha kuripoti malipo yako. Unalipa gizani.

Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja nataka mtu aondoke nacho hapa, ni kutunza ushahidi wa malipo kuanzia siku unayofaili. Mimi na mke wangu tulikaa mezani na taarifa za benki za miezi 24, tukapaka rangi ya njano mstari wa nyumba kwenye kila karatasi. Mwezi mmoja tu, Machi 2019, ulikuwa haumo kwa sababu nililipa kwa hundi ya posta nikiwa safarini. Kile kipande cha hundi tulikitafuta siku mbili, tukakikuta ndani ya kitabu cha matengenezo ya gari. Mkaguzi wa mkopo aliuliza mwezi huo huo.

Naendelea chini, hesabu nazo zipo.

Dereva wa Masafa

Sasa muda wa kusubiri, maana hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilihesabu miaka miwili kuanzia siku niliyofaili. Ukitoka kwenye Sura ya 7, wanahesabu kuanzia tarehe ya hati ya msamaha. Kwangu tofauti ilikuwa miezi minne, na ombi la Agosti likakataliwa kwa hilo peke yake.

Mkopo wenye bima ya FHA, idara ya serikali inayowakatia wakopeshaji bima mteja akishindwa kulipa, unataka miaka 2 tangu kusamehewa. VA, kwa waliotumikia jeshi, kwa kawaida ni miaka 2 vilevile. USDA, yaani mkopo wa wizara ya kilimo kwa nyumba za vijijini, ni 3. Mkopo wa kawaida unaouzwa kwa Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, ni miaka 4, au 2 kama unaweza kuthibitisha kwamba ulifilisika kwa jambo lililokuwa nje ya uwezo wako. Hivyo ni viwango vya chini, na benki yenyewe inaruhusiwa kuweka masharti makali zaidi. Ndiyo maana unaweza kukataliwa na benki moja asubuhi na nyingine ikakupokea jioni, kanuni ni zile zile.

Na mtoe hati yenyewe ya msamaha, yenye mhuri wa mahakama. Barua ya wakili haitoshi.

Nilirudi Novemba 2020, nikafunga mkopo mpya wa FHA Januari 2021 kwa asilimia 2.875. Mwezi huo wastani wa riba ya miaka 30 nchini ulifika asilimia 2.65, chini kabisa katika kumbukumbu za Freddie Mac, shirika lingine kama Fannie Mae. Mkopo wa zamani ulikuwa asilimia 4.625 na deni limebaki kama 160,700.

Watu wakisikia 2.875 wananipa hongera. Hesabu kamili ni hii. FHA walichukua bima ya mwanzo, asilimia 1.75 ya mkopo, kama dola 2,800. Gharama nyingine za kufunga, dola 4,000. Zote zikaingizwa kwenye deni. Malipo mapya yakawa 696, na juu yake bima ya kila mwezi kama 110, jumla 806. Nilikuwa nalipa 936. Nimeokoa 130 kwa mwezi, na nimetumia 6,800 kuzipata, maana yake miezi 52 kabla sijarudisha gharama. Tena nimeanza upya miaka 30 wakati nilikuwa nimebakiza chini ya 24.

Mpango wangu ulikuwa nihamie mkopo wa kawaida Oktoba 2022, nikitimiza miaka minne, niikimbie ile bima. Oktoba 2022 ilipofika riba zilikuwa karibu asilimia 7. Nimebaki hapa hapa, na bima nitailipa mpaka itimize miaka 11. Sijutii, maana hizo 130 zilikuwa chakula cha watoto kipindi kile. Ila nataka mjue kwamba riba ndogo haikuwa bure.

Mama Wawili

Asante sana kaka kwa uwazi. Mimi mume wangu ndiye aliyefaili, peke yake, mimi simo kwenye kesi. Je naweza kuomba mkopo mpya kwa jina langu tu? Hati ya nyumba ina majina yetu wote wawili.

Dereva wa Masafa

Dada, inawezekana kama kipato chako peke yako kinabeba mkopo. Majina yote yanaweza kubaki kwenye hati ya nyumba, mkopo ukawa wako. Angalia tu kama uko kwenye jimbo ambalo mali ya ndoa ni ya wote, kama huku Texas. Huko FHA watayahesabu madeni ya mume kwenye uwiano wako wa madeni kwa kipato hata kama hayumo kwenye mkopo. Madeni yaliyosamehewa hayahesabiwi. Na historia yake ya mikopo siyo sababu ya kukunyima wewe. Kama kesi yake bado haijafungwa, usisaini kitu kabla ya kuongea na wakili wake, kwa sababu nyumba ni sehemu ya kesi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Habarini za kazi. Mimi bado niko ndani. Sura ya 13, mpango wa miaka mitano wa kulipa madeni kidogo kidogo chini ya mahakama, nimeshalipa miezi 14 bila kuchelewa. Nilifaili kwa ajili ya gari na kadi, nyumba sijawahi kuchelewa hata siku moja. Nilinunua Oktoba 2023, wakati mbaya kuliko wote, FHA asilimia 7.625, malipo 1,734 bila kodi na bima ya nyumba. Sasa hivi naambiwa naweza kupata 6.25. Afisa mmoja wa mikopo kaniambia nimalize kwanza kesi, nirudi baada ya miaka minne. Ni kweli?

Mzee wa Hesabu

Binti yangu, huyo hajui au hataki usumbufu. Nimekuwa karani kwenye ofisi ya mawakili wa ufilisi kwa miaka mingi, mimi siyo wakili, lakini maombi ya namna hii nimeyaandaa mengi.

FHA wanaruhusu mtu aliye ndani ya Sura ya 13 akishamaliza miezi 12 ya mpango, malipo yote yakiwa kwa wakati, na akiwa na ruhusa ya maandishi ya mahakama. VA nao wana njia kama hiyo. Mkopo wa kawaida ndio usioingilika ukiwa ndani: huo unataka miaka 2 baada ya kusamehewa, au 4 kama kesi ilitupwa bila kumalizika. Wewe una miezi 14, na uko FHA tayari.

Nikueleze mahali ambapo watu hukwama. Mahakama inataka kuona masharti ya mkopo kabla ya kuruhusu. Benki inataka kuona ruhusa kabla ya kutoa mkopo. Mteja anazunguka katikati mpaka anakata tamaa. Njia ni kuanzia benki, uchukue ile fomu ya kurasa tatu ya makadirio ya mkopo, yenye riba, malipo ya mwezi na gharama zote. Hiyo ndiyo wakili wako anaiambatanisha na ombi. Ombi linakwenda kwa jaji, nakala kwa msimamizi wa kesi na wadai, wanapewa siku za kupinga, na kama hakuna anayepinga, mara nyingi jaji anasaini bila hata kuwaita. Wilaya nyingine msimamizi mwenyewe ana mamlaka ya kuidhinisha. Hapo muulize wakili.

Jaji na msimamizi wataangalia jambo moja kuliko yote: je, hali yako inakuwa bora? Malipo yanashuka, hutoi fedha mfukoni, riba haibadiliki-badiliki. Ukija na mkopo unaopandisha malipo, umejimaliza mwenyewe.

Na hili watu hawaambiwi. Ukiokoa dola mia mbili na kitu kwa mwezi, msimamizi anaweza kusema fedha hiyo sasa ni ziada, ipelekwe kwa wadai. Mpango wa Sura ya 13 umejengwa juu ya kipato chako ukitoa matumizi, na nyumba ni matumizi. Mwulize wakili kabla ya kupeleka ombi, siyo baada. Kuna wateja wetu walihangaika miezi mitatu kupunguza malipo ya nyumba, halafu malipo ya mpango yakapanda karibu kiasi kile kile.

Dereva wa Masafa

Mzee, hilo la mwisho hata mimi sikulijua. Shikamoo.

Nesi, nyongeza yangu. Kwa kuwa mkopo wako ni FHA, uliza ile njia yao ya mkato ya FHA kwenda FHA. Kwa kawaida haidai nyumba ithaminiwe upya. Inataka uwe umelipa angalau miezi sita na siku 210 zimepita tangu ufunge ule wa kwanza, na mkopo mpya ukupe nafuu ya kweli. Kwa riba isiyobadilika, riba na bima ya mwaka kwa pamoja zishuke si chini ya nusu asilimia. Wewe unavuka. Ruhusa ya mahakama bado inahitajika. Na kama hujafikisha miaka mitatu tangu ununue, sehemu ya bima ya mwanzo uliyolipa 2023 inapunguzwa kwenye bima mpya. Wahi kabla miaka hiyo haijatimia, maana kinachorudi kinapungua kila mwezi.

Kipanga

Wakuu mimi hali yangu ni tofauti. Niko Sura ya 13, nimebakiza miaka mitatu. Mkopo wa nyumba nilichukua 2021, asilimia 2.75. Nyumba imepanda thamani sana. Nimepigiwa na watu wanasema nichukue mkopo mpya mkubwa zaidi, nitoe fedha, nilipe mpango wote kwa mkupuo niwe huru. Nimechoka na kesi hii, kwa kweli. Kila nikitaka hata kubadilisha gari lazima niombe ruhusa. Mnaonaje?

Mzee wa Hesabu

Ndugu yangu, uchovu wako naufahamu, nimeuona kwenye nyuso za watu wengi. Lakini nisikilize.

La kwanza, kumaliza mpango mapema siyo lazima kuwe kwa bei ile uliyoizoea. Kama mpango wako unawalipa wadai wasio na dhamana, kama wa kadi, senti 20 kwa kila dola, ukija na fungu la fedha kabla muda wa mpango haujaisha, msimamizi au mdai anaweza kudai walipwe zaidi, hata dola nzima. Usikopee namba ambayo hujathibitishiwa.

La pili ni hiyo 2.75. Tuseme unadaiwa 230,000. Riba yake kwa mwaka ni kama 6,300. Deni hilo hilo kwa asilimia 6.5 ni karibu 15,000, kabla hujaongeza hata dola moja ya kulipa kesi. Utakuwa umechukua madeni ambayo mahakama ingeyasamehe miaka mitatu ijayo, ukayageuza kuwa rehani juu ya nyumba ya watoto wako kwa miaka 30.

Mama Wawili

Kaka Kipanga, nani hao waliokupigia? Umewatafuta wewe au wao ndio walikutafuta?

Kipanga

Walinitafuta wao dada. Wanajua hata namba ya kesi yangu, ndiyo maana nikaamini ni watu wa mahakama au wana uhusiano nayo.

Mama Wawili

Namba ya kesi kila mtu anaweza kuipata, kesi za ufilisi ni kumbukumbu za wazi za mahakama. Walitujia na sisi. Naomba niwasimulie, maana bado linaniuma.

Wiki ya tatu baada ya mume kufaili, alikuja mtu nyumbani, mstaarabu, ana mkoba, ameongozana na mama mmoja wa kuthibitisha saini. Alikuwa ameshaongea na mume kwenye simu. Akasema watatuchukulia mkopo mpya kwa jina la kampuni yao kwa kuwa jina la mume limeharibika, sisi tutalipa kwao kidogo kidogo, baada ya miaka miwili wanaturudishia. Ada ya kuanza dola 1,900. Aliweka karatasi mezani akafunika sehemu ya juu na bahasha, akawa ananionesha mahali pa kusaini tu. Mimi ndiye niliyeiinua ile bahasha. Juu kabisa paliandikwa kwamba tunaihamisha hati ya nyumba. Walikuwa wananinyang'anya nyumba juu ya meza yangu mwenyewe, na kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Sikusaini. Lakini ile 1,900 mume alikuwa ameshaituma, na haikurudi.

Mzee wa Hesabu

Pole sana binti yangu, na hongera kwa kuinua bahasha. Kwa sheria za shirikisho, anayejitolea kukusaidia na mkopo wa nyumba ulioelemewa haruhusiwi kudai ada kabla hajakuletea ofa ya maandishi kutoka kwa mkopeshaji wako nawe ukaikubali. Mawakili wana masharti yao tofauti. Na kuhamisha hati ya nyumba katikati ya kesi bila mahakama kujua kungemletea mume matatizo makubwa kuliko ile fedha. Anayetaka ushauri wa bure au wa gharama ndogo, HUD, wizara ya nyumba ya shirikisho, wana orodha ya washauri wa nyumba waliowaidhinisha katika kila jimbo.

Kipanga, wape wakili wako majina ya hao watu kesho asubuhi.

Kipanga

Nimewazuia kwenye simu sasa hivi. Nimewaelewa wote. Nitabaki na 2.75 yangu nimalize kesi. Swali moja tu: nikishasamehewa, nifanye nini kwanza?

Dereva wa Masafa

Chukua ripoti zako tatu, Equifax, Experian na TransUnion. Siku hizi ni bure kila wiki. Kila deni lililosamehewa lionekane limeingizwa kwenye ufilisi na linadaiwa sifuri. Mimi kadi moja ilikuwa bado inaonesha nadaiwa dola 4,300, imechelewa, miaka miwili baada ya msamaha. Ukipeleka malalamiko wanatakiwa kuchunguza ndani ya siku 30. Usingoje mpaka uombe mkopo, maana wakati huo riba uliyoahidiwa ina siku zake za kwisha. Omba pia rejesta ya malipo yako yote kutoka kwa msimamizi wakati bado wanakukumbuka.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Wapendwa, narudi na mrejesho baada ya wiki saba.

Nilikwenda kwenye benki nne. Mbili hazikutaka kusikia habari ya Sura ya 13. Ya tatu ilikubali ila walitaka riba ya 7. Ya nne ndiyo imenichukua, 6.25, njia ya mkato kama kaka Dereva alivyosema, na bima ya 2023 wamenikatia sehemu yake. Malipo yametoka 1,734 yameingia 1,502.

Wakili alidai dola 450 kwa ombi. Nilimuuliza swali la Mzee kabla hajapeleka chochote, akanyamaza kidogo, akasema nimefanya vizuri kuuliza. Tukawapelekea mabadiliko ya matumizi yangu pia, kwa sababu kodi ya nyumba imepanda na malezi ya mtoto yamepanda, na risiti zipo. Msimamizi alitaka 90 kwa mwezi iongezwe kwenye mpango. Zinazobaki kwangu ni 142.

Jaji amesaini Jumanne. Hatukuitwa. Nilikuwa kwenye zamu, nikaisoma barua pepe nikiwa chumba cha dawa, saa kumi alfajiri.

Nafunga Ijumaa ya wiki ijayo. Mzee, wanasema nina siku tatu za kazi za kughairi baada ya kusaini. Malipo ya mwezi ujao nayalipa kule kwa zamani au nasubiri?

Mzee wa Hesabu

Hongera binti yangu. Usisubiri. Lipa kule kwa zamani mpaka benki mpya ikuthibitishie kwa maandishi kwamba deni la kule limelipwa, ikizidi, wanakurudishia. Na risiti hiyo itunze pamoja na zile 14.